Fundo Lililohamia Kuume

Nusu ya watoto wa commune ya Ruwenzori, hapa Beni, nadhani wamelala mgongoni mwa mama yangu. Fundo la kitenge alilikaza sikuzote juu ya ziwa la kushoto, gumu kiasi kwamba hata lori lisingelivuta likafunguka. Siku dada yangu alipomwachia mtoto wake ili aende sokoni, aliona fundo limehamia kuume.

"Mama, juu ya nini siku hizi unafungiaka uku?"

"Bega imechoka."

"Bega? Ao kuko kitu?"

Kulikuwa na uvimbe katika ziwa la kushoto, kama punje ya haragi, lile haragwe la Kalunguta. Haukuuma, ila fundo likiukandamiza aliusikia.

Tulijua Mama ataogopa nini. Dada yake wa Vuhovi aliuficha wa kwake miaka, akapasuliwa mwishoni, akafa. Lawama zote zikaenda kwa kisu. Kwetu husemwa kwamba chuma kikigusa uvimbe, unakasirika na kutembea mwili mzima. Mimi, niliyekuwa nimemaliza masomo ya jioni na kupata diploma, nilimhutubia mama mpaka kuku wakahama lupango, ua wetu. Hakusadiki hata neno moja. Alikubali tu kwenda Butembo, "kuonyesha, hapana kukata."

Hospitalini, baada ya picha ya ekografi, daktari, mwanamke kijana, akatoa sindano. Mama akakaza kitenge.

"Docta, hiyo chuma itaamusha ugonjwa."

"Hapana, Mama. Inakamata kapande kadogo tu, tujue ni ya aina gani. Kuko zenye zinakulaka homoni za mwanamuke, izo ziko na kinini yake, kidonge ya kumeza. Zingine ziko na dawa ingine. Bila kapande, nitabahatisha."

"Na dada yangu? Walimupasula, akakufa."

"Alifika na uvimbe ya namna gani?"

Mama akaonyesha ngumi.

"Yako ni haragi, Mama. Ni sasa ya kuitibu."

Mama akanitazama. Nilikuwa nimeegemea ukuta, macho kwenye ile sindano. Akalegeza kitenge.

"Choma. Lakini weye profesa, toka inje, usituangukie hapa."

Ilikuwa kansa, ile ya homoni. Mama mwenyewe akakubali kisu, wakaondoa ziwa lote. Kukata uvimbe peke yake kungehitaji kufuatiwa na mashine ya miale, nayo iko mbali. Sasa kila asubuhi anameza kinini kwa chai.

Kidonda kilipopona, mjukuu akarudi mgongoni. Fundo limerudi kushoto.

"Upande huu," anasema, "hakuna tena wa kulalamika."