Ndimu Juu ya Bati

Mke wangu alivuka mpaka kwenda Uvira, Kongo, mwishoni mwa Julai, kumsaidia mdogo wake aliyekuwa amejifungua. Aliondoka na mkoba mmoja. Uvira si mbali na kwetu Bujumbura, na aliahidi kurudi mtoto akishatimiza arobaini. Arobaini haikufika. Vita vililipuka upande wa Kongo, mpaka ukafungwa, nami nikabaki nyumbani, mtaa wa Buyenzi, na binti zetu wawili, mkubwa wa miaka kumi na mitatu, mdogo wa mitano.

Vita vya kwetu tulikuwa tumevizoea, kama mtu anaweza kuzoea kitu kama hicho. Tuliijua milio ya risasi ya upande wa Kinama, tuliijua saa ya kufunga mlango. Ambacho sikukijua ni jinsi nyumba ilivyo kubwa mlango ukishafungwa, ukiwa mtu mzima peke yako, huna hata wa kumwambia kwamba umechoka.

Mimi ni fundi wa magari. Siku zile gereji ilikuwa karibu kulala kwa kukosa petroli na vipuri, kwa hiyo muda wa kupika nilikuwa nao. Ujuzi ndio sikuwa nao. Bugali wangu ulitoka na mabonge. Maharage yaliungua chini yakabaki magumu juu. Mdogo alilia akitaka ndagala za mama yake, vile visamaki alivyokuwa akivikaanga mpaka vinavunjikavunjika mdomoni. Mkubwa hakulia. Alisukuma sahani pembeni, akasema, "Mi siko na njaa, papa," akaingia chumbani.

Siku moja nilimfuata hadi mlangoni na mwiko mkononi.

"Unafikiri mi napenda kupika?"

Hakugeuka. Nikarudi, nikala sahani yangu na yake, bila kujua ninakula nini.

Mwishoni mwa Agosti ndimu zilijaa sokoni. Kila kiangazi mke wangu alitengeneza achari ya mwaka mzima, nami miaka yote hiyo nilipita karibu na mabeseni yake bila kuuliza. Safari hii nikanunua ndimu za kujaza beseni. Nilisugua mikono kwa sabuni ya mawese mpaka harufu ya grisi ikatoka, kisha nikamwita mkubwa.

"Mama yako anazikata vipi? Anapasua mpaka chini?"

"Mi sijui."

"Si we ulikuwa unamusaidia?"

"Mama ndiye anajua, papa. Umungoje."

Akaniacha pale na kisu. Nilikwenda kwa jirani, mjane aliyetuchukulia kama watoto wake, nikamweleza shida yangu nikiwa nimesimama mlangoni. Alinitazama kidogo, akaona aibu yangu, hakucheka.

"Usipasue mpaka mwisho, mwanangu. Pasua mara nne, zishikane chini. Jaza chumvi, uziache kwenye jua mpaka ngozi ilainike. Pilipili na manjano ni baadaye."

Nilikaa mkekani na mdogo. Alitaka kusaidia, akashika ndimu na kidole chenye kidonda, akapiga kelele mpaka jirani akaita kuuliza kuna nini. Nilimbeba, nikamwosha, nikarudi kazini huku amening'inia mgongoni. Tangu hapo kila asubuhi nilipandisha beseni juu ya bati la paa la jiko, na kila jioni nikaliteremsha. Lilikuwa jambo la pekee katika siku ambalo nilikuwa na hakika nalo.

Mvua ya kwanza ilinikuta gerejini, chini ya gari. Nilikimbia mpaka nyumbani nikiwa nimelowa. Mkubwa alikuwa amekaa sebuleni na khanga za mama yake mapajani, zimekunjwa vizuri. Alikuwa amezifua asubuhi ile, ingawa hakuna aliyezivaa. Beseni lilikuwa bado juu ya bati, linafurika.

"Kwa nini hukuteremsha?"

"Nilikuwa naanua nguo za mama."

"Na ndimu?"

Akainua uso. "Hizo ni za mwaka muzima, papa. Unaweka chakula ya mwaka muzima, kama vile mama harudi."

Nilikuwa nimeinua mkono. Nikaushusha. Mdogo, aliyekuwa akichora ukutani kwa mkaa, akageuka. "Mama harudi?"

"Atarudi," tukajibu pamoja, mimi na dada yake.

Nilipanda ngazi mvua ilipokatika. Vumbi la kiangazi lilikuwa limeoshwa, na milima ya Kongo, ambayo kwa wiki nyingi haikuonekana, ilisimama ng'ambo ya ziwa na mikunjo yake yote. Nilibaki juu ya ngazi nikiitazama, mikono ndani ya maji ya chumvi, mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha nikamwaga maji, nikatupa ndimu zilizooza, na zile ngumu nikazijaza chumvi upya. Siku za mawingu niliziweka karibu na mbabula, jiko letu la makaa, moto ukipoa.

Novemba achari ilikuwa tayari. Ilikuwa chachu kupita kiasi. Jioni moja mkubwa alichota kidogo bila kuambiwa, akaila na ndagala, akasema, "Ni kali." Akachota tena. Nilitamani kumgeukia mtu niseme, umeona? Upande wa pili wa meza kulikuwa na kiti kitupu.

Mke wangu alirudi baada ya mwaka mpya, amekonda, amevaa viatu vya mtu mwingine. Mkubwa alimshika kiunoni, akakataa kumwachia. Mdogo alijificha nyuma yangu mpaka jioni.

Kesho yake niliamka mapema kuwasha moto, kama nilivyozoea. Nikakuta umeshawaka. Mke wangu alikuwa amechuchumaa mbele yake na mkubwa, wanaongea kwa sauti ya chini.

"Kaa tu, baba watoto," akasema kwa upole. "Pumzika. Tutakuita."

Nilikaa kwenye kigoda uani. Ndani binti yangu alicheka, kicheko nilichokuwa nimekisahau, nikafurahi kwa dhati. Lakini sikujua mikono yangu niiweke wapi. Nilikaa kidogo, nikavaa viatu, nikaenda gerejini kabla chai haijawa tayari.