Jeki Tatu Ghalani

Siv Hallberg alipata cheo chake kwa sababu alichelewa kutazama chini. Huku kwetu Borås, mji wa viwanda vya nguo, ndivyo watu wanavyochaguliwa. Mkutano unaulizwa nani atawawakilisha wafanyakazi katika mambo ya usalama kazini, wote wanavitazama vikombe vyao vya kahawa, na anayekutwa macho yakiwa bado juu ndiye huyo. Tangu siku hiyo hakuna chombo kilichonunuliwa ghalani kabla Siv hajakijaribu na kusema ndiyo au hapana.

Mwezi wa Oktoba bosi wao, Hampus, kijana wa watu mwenye haya ya kuzaliwa, alimwita pembeni akamwonyesha jeki tatu za paleti, vile vigari vya kunyanyua na kuvuta mizigo iliyopangwa juu ya jukwaa la mbao. Muuzaji alikuwa ameziacha wiki nzima zijaribiwe. Za zamani zilikuwa zimekwisha. Unaingiza vyuma vyake viwili chini ya paleti, unapampu mpini mpaka mzigo unyanyuke, na kabla hujafika mlangoni mzigo umeshashuka wenyewe.

"Chagua moja, Siv. Tutanunua za aina hiyo hiyo, ghala zima."

"Sawa."

"Ila nikwambie mapema, isije ikaonekana nilikuficha. Ukichagua ile ya umeme, kazi ya watu watano itafanywa na wanne. Na utaratibu unaujua."

Siv aliujua. Wa mwisho kuajiriwa ndiye wa kwanza kupunguzwa, na wa mwisho ghalani mle alikuwa mumewe, Börje, aliyeingia baada ya kiwanda chake cha kufuma nguo kufungwa.

"Pole," Hampus akasema, akiangalia viatu vyake.

"Pole ya nini? Hujamfukuza mtu bado."

Akarudi kwenye majora yake ya vitambaa, akingoja moyo umuume. Haukuuma. Alijisikia kama mdomo uliopigwa ganzi na daktari wa meno: upo, lakini si wako. Angeweza kusema kwamba yeye ni mke wa mtu, jambo hili lipewe mwingine. Lakini hilo lingetaka mkutano mwingine, na vikombe vingine vya kutazamwa.

Nyumbani hakusema kitu. Siku Börje alipoajiriwa walikubaliana kwamba mambo ya ghala yaishie mlangoni, pale pale wanapovua viatu, wasije wakaleta kazi hadi kitandani. Ulikuwa mkataba mzuri, nao wakautunza kupita kiasi. Bega la kulia la Börje lilikuwa limeharibika kwa kuvuta mizigo. Kila asubuhi Siv alimvalisha sweta, akianza na mkono mbovu, na hakuna aliyetaja bega. Bega lilikuwa jambo la ghala.

Jeki ya kwanza ilikuwa ya bei ya chini, yenye magurudumu magumu ya nailoni. Ilivutika kwa urahisi, lakini ilipiga kelele sakafu nzima, na kwenye kizingiti cha mlango wa kupakilia ikagoma kama punda.

"Mheshimiwa!" akaita Tage, mzee wa upande wa kupokea mizigo, aliyekuwa na mzaha kwa kila jambo. "Ukituletea hiyo, mimi naacha kazi naenda kufuga nyuki."

"Nyuki watakuacha wewe."

Ya pili ilikuwa ya mkono pia, lakini ya kiungwana. Magurudumu yake yalikuwa laini, yakivuka kizingiti bila makelele, na ukipampu mara chache tu mzigo uko juu. Hata hivyo ilikuwa ya kuvutwa, na anayevuta ni bega.

Ya tatu, ile ya umeme, haikumtaka mtu nguvu. Unagusa kitufe, majora yanakufuata. Siv aliitafutia ila kwa bidii ambayo hakuwahi kuiweka katika kazi yoyote. Akaipeleka kwenye mteremko, ikashuka taratibu kwa adabu zote. Akaijaribu kwenye njia ya nyuma, ile nyembamba kati ya rafu na ukuta, akijua kwamba ikikwama hapo ameokoka. Ikapita, nafasi ikabaki pande zote mbili. Akairudisha, akaipitisha tena.

Siku ya Ijumaa Hampus alimkuta kwenye mashine ya kahawa. "Eeh, umeamua?"

"Ya pili."

"Siyo ya umeme?"

"Haipiti njia ya nyuma. Nimepima."

Hampus akashusha pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo, akaenda kumpigia muuzaji. Hakwenda kupima. Huku kwetu mtu akishasema amepima, basi amepima, na kumfuata nyuma na futi ni kumtukana. Siv alikuwa amelitumia hilo, na alijua amelitumia. Alingoja aibu. Nayo haikuja.

Jioni walikula viazi na samaki wa kuchachusha. Mvua ilikuwa inapiga dirisha. Börje alikula kwa mkono wa kushoto, polepole, kisha akaweka uma chini.

"Inapita," akasema.

"Nini inapita?"

"Ya umeme. Njia ya nyuma. Hampus ametuambia leo kwamba umepima, haipiti. Jumatano ulipokuwa ofisini niliipitisha mwenyewe, na mzigo juu."

Siv akamtazama. Tangu aajiriwe, hilo lilikuwa neno lake la kwanza la ghala ndani ya nyumba hiyo.

"Hampus aliniambia wangekupunguza, Börje."

"Najua. Nilijua siku ile ile muuzaji alipozishusha. Nilikuwa nasubiri wanipunguze."

"Unasubiri?"

"Bega limekwisha, mama. Nikiacha mwenyewe nitaonekana mvivu. Nikipunguzwa, nimepunguzwa, hakuna wa kuninyooshea kidole. Nikasema huyu ni mwakilishi wa usalama, atachagua bega."

"Ungeniambia!"

"Tulikubaliana."

"Nilitaka ubaki," Siv akasema. "Nilidanganya kwa ajili yako, nami sijawahi kudanganya kazini."

"Na mimi nilinyamaza kwa ajili yako, nisikutie katika upendeleo."

Hapo ndipo ganzi ilipoanza kumtoka, na Siv akatamani isingetoka. Uchungu ulimjia wote kwa pamoja, akashika ukingo wa meza.

"Nitampigia Hampus. Nitamwambia nimekosea kupima."

"Ameshaagiza. Na akijua ulidanganya, utatoka wewe, nami nitabaki navuta." Börje hakuwa na hasira. Alikuwa anapiga hesabu ya umri wake, macho yameelekea ukutani.

"Mpaka nistaafu ni miaka sita," akasema. "Umenipa miaka sita, Siv."

Kisha akamwomba amsogezee viazi, kwa sababu bakuli lilikuwa upande wake wa kulia.