Pikipiki ya Mkunga Yapata Kiti cha Pembeni

Saa mbili asubuhi, Fundi Polepole anapiga kiki. Injini inakohoa, inanyamaza. Anapiga tena. Safari hii inashika, na mlio mzito unajaza karakana hadi makopo ya misumari yanatetemeka rafuni.

Mlangoni, mwanamke mzee mwenye fimbo mapajani anafumba macho.

"Ndiyo yenyewe," anasema.

Pikipiki ni yake. Alikuwa mkunga, na kwa zaidi ya miaka thelathini aliiendesha kwenda kuzalisha majumbani, mkoba wa kazi umefungwa nyuma kwa mpira. Mlio huo ukipita, wanawake waliacha kufua na kuulizana leo ni zamu ya nani.

Fundi, mwenye miaka hamsini na minane, alijifunzia kazi kwenye mashine hiyohiyo.

"Nilikuwa naziba pancha tu," anakumbuka. "Siku moja mama huyu akaniachia injini nzima. Akaniambia, 'Fungua, mwanangu. Ukiharibu tutajifunza wote.' Hakuna aliyewahi kuniamini hivyo."

Jina la Polepole alipewa na wateja. Wanadai pikipiki ikiingia kwake huanza kulipa kodi ya chumba.

Mkunga alipostaafu, pikipiki ilisukumwa bandani, kuku wakataga kwenye kiti chake. Mwaka jana mama huyo alianguka akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali alimwita fundi akamwomba jambo moja: aisikie tena. Kuipanda hakutaja.

Panya walikuwa wametafuna nyaya, na pistoni ilikuwa imeganda kwa kutu. Aina hiyo iliacha kutengenezwa zamani. Muuza vipuri mmoja alimshauri aulizie kwenye jumba la makumbusho.

Baada ya miezi ya kuhangaika, fundi alisikia habari za seremala anayezungusha jiwe la kunolea kwa injini ya pikipiki kama hiyo. Seremala alikataa kuiuza, akauliza kama baada ya hapo anole patasi kwa meno. Fundi hakubishana. Alirudi kwake, akafufua mota ya mashine mbovu ya kufulia, akaenda kuifunga kwenye jiwe lile. Wakabadilishana, na kila mmoja akaona amempunja mwenzake.

Kiti cha pembeni kilikuwa wazo la fundi mwenyewe. Alichomelea fremu ya mabomba, akaweka juu yake kochi dogo kutoka sebuleni kwa mkunga. Mama alikasirika, akasema hajawahi kubebwa kwenye pikipiki yake mwenyewe.

Tena, nani angeendesha? Binti yake wa pekee, mshona nguo anayeishi naye, hakutaka hata kuigusa. Siku alipomletea mama yake chai karakanani, fundi alimuuliza sababu.

"Watoto wa watu walimpata mama yangu akiwa macho," akajibu. "Mimi nilimpata amelala."

Mkunga alisikia. Fundi anasema aliweka kikombe chini. Kisha akamwomba binti amshike mkono, akajikongoja hadi kwenye kochi lile, akakaa.

"Haya, panda," akamwambia. "Safari hii usibaki nyumbani."

Tangu siku hiyo binti amekuwa akijifunza kwenye uwanja wa shule, fundi akikimbia pembeni na kumkumbusha klachi. Ameshaangusha goli moja. Mama yake, anayetazama kutoka kivulini, alicheka hadi akaomba maji.

Jumamosi watatoka kwa mara ya kwanza. Mkunga alitaka kupita kwenye nyumba alimozalisha. Binti akakataa, akasema wale walishapata zamu yao. Wataenda bwawani, ambako hakuna anayewasubiri.

Fundi Polepole atafunga karakana siku hiyo. Ameshajaza upepo kwenye baiskeli yake, awafuate kwa mbali.

"Si kwamba siiamini injini," anasema, akifuta mikono kwa kitambaa. "Nataka tu kuwaona wanavyokwenda."