Mikono Yao Ilirudi Kwenye Skrini

Mama yangu ni kiziwi tangu utotoni, na ni fundi wa nguo mtaani Kaptembwo, mjini Nakuru. Nilijua kuongea naye kwa mikono kabla sijajua kuongea kwa mdomo.

Nikiwa mwaka wa tatu chuoni Njoro, yeye na wanawake wenzake kumi na wanane wasiosikia walikuwa na kikundi kwenye programu moja ya ujumbe. Waliipenda kwa sababu moja tu: ilipitisha video ndefu bila kuziharibu. Programu zingine ziliibana picha mpaka vidole vikawa ukungu, na kwa anayeongea kwa mikono, vidole vikipotea maneno yamepotea. Kila asubuhi Mama alitegesha simu kando ya cherehani, wakaanza: nani ameamkaje, kitambaa kizuri kimefika duka gani, mume wa nani amerudi na maneno gani. Walichekana, walikosana, waliombeana.

Mmoja wao aliishi Olenguruone, mbali kule juu milimani, na alikuwa na mimba ya pili. Alipojifungua mara ya kwanza, alikaa leba siku nzima bila mtu wa kumweleza lolote. Alipasuliwa, na sababu aliijua wiki mbili baadaye, dadake alipomwandikia kwenye karatasi. Safari hii tulikubaliana: siku ikifika atanipigia kwa video, niwe masikio yake na mdomo wake.

Kisha mitihani ya kitaifa ikaanza, na ile programu ikanyamaza.

Jumatatu mchana niliitwa kwenye geti la hosteli. Mama alikuwa amesimama pale, simu mkononi, uso umekunjamana.

"Imekufa," akaniashiria. "Nimeizima, nimeiwasha, nimeweka bando mara mbili."

"Haijakufa, Mama. Serikali imefunga hiyo programu."

"Kwa nini?"

"Kuna watu wanauza mitihani huko. Itafunguliwa watahiniwa wakimaliza."

Mama akajielekezea kidole kifuani. "Mimi nimeuza mtihani gani? Hata darasa la sita sikumaliza." Kisha mikono yake ikaenda polepole zaidi. "Na yule wa Olenguruone? Mtoto atangoja wamalize hesabu?"

Tukaketi kwenye benchi, nikamwekea VPN. Nilimweleza kwamba inapeleka mawasiliano yake nchi nyingine kwanza, kwa hivyo huku kwetu hawaoni anakoelekea. Ya kwanza ilijaa matangazo na haikutupeleka popote. Ya pili ilituletea orodha ya bendera. Mama akachagua moja kwa sababu ya rangi zake, na programu ikafunguka. Alipiga goti lake kofi moja kubwa, walinzi wakageuka.

Lakini ndani hapakuwa na mtu. Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa Jumamosi. Wenzake wote walikuwa bado nje. Nikasema nitawaandikia SMS yenye maelezo. Mama akatikisa kichwa. Wengi wao hawakusoma mbali, na Kiswahili cha kuandikwa kwao ni lugha ya watu wengine.

"Nirekodi," akasema.

Akafunga vifungo vya sweta, akasimama mbele ya ukuta mweupe wa hosteli na kueleza hatua zote kwa mikono. VPN haikuwa na ishara tuliyoijua, akatunga yake: kiganja kimoja kimelala kama mlango uliofungwa, vidole viwili vya mkono mwingine vinapita chini yake vikitembea. Sikuwahi kupata mhadhara uliokuwa wazi kama ule.

Hiyo video ilienda kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu, watu wakiwa wamekaa magoti yakigusana, maana njia nyingine haikuwepo. Mama aliwafundisha wanne wa Kaptembwo siku ile ile na kuwapa masharti: kila mmoja afundishe wawili. Jumatano alifunga duka na kupanda Olenguruone mwenyewe. Kufikia Ijumaa, wote kumi na tisa walikuwa wamerudi, mikono ikiruka kwenye skrini kama iliyokuwa imefungwa kamba na sasa imefunguliwa.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nyumbani na Mama, simu yangu, niliyoiwekea VPN pia, ikawaka. Ni yule wa Olenguruone, amelala kitandani hospitalini, jasho kipajini. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye jagi la maji, tukawa tunamwona uso na mikono. Nikasikia sauti ya nesi: "Hii ni nini? Hapa hakuna kupiga picha!"

"Si picha, sista. Huyo ni kiziwi. Mimi ndiye mkalimani wake."

"Uko wapi?"

"Nakuru, Kaptembwo."

Nesi akainamia simu. "Haya. Mwambie asisukume bado."

Nikamwambia. Uchungu ukija alishika kitanda kwa mikono yote miwili, akawa hana maneno. Ukipita, aliuliza. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Watanipasua tena?"

"Mwambie mtoto amekaa vizuri," nesi akajibu. "Na nikiona haja, nitamweleza kwanza kabla ya kumgusa."

Nilipomwashiria hayo, mabega yake yalishuka. Alilia kidogo, kisha akaniambia yuko tayari.

Picha ikaganda. Nikaanza kumwomba Mungu. Mama alininyang'anya simu, akabadilisha bendera, akanirudishia kabla sijamaliza kuomba. Nesi alikuwa anapiga kelele: "Sasa! Mwambie sasa!" Nikaashiria, na Mama nyuma yangu akaashiria pia, kwa mwili mzima: sukuma, sukuma!

Alikuwa msichana. Nesi alimwinua mbele ya simu bila kuombwa, akaniuliza ishara ya kumpongeza mama. Nikamwonyesha, akaifanya vibaya, na yule mwanamke akacheka kwa furaha akiwa bado anahema.

Mchana ule kikundi kilijaa video za wanawake waliopunga mikono yote miwili hewani, kwa maana ndivyo wanavyoshangilia. Wiki kadhaa baadaye mitihani iliisha na programu ikafunguliwa kimyakimya. Nilipompa Mama habari hiyo alikuwa anapima kola ya mteja.

"Imefunguliwa?" akaashiria, pini mdomoni. "Sikujua hata kwamba bado ilikuwa imefungwa."