Vitabu vya Ubongo vya Omoding

Ukitaka kumwona Omoding akibetua midomo, mwulize kuhusu vitabu vya ubongo. Yeye ni wakala wa forodha pale Malaba, na malori yakikwama kwenye foleni, husoma. Amewasoma sana hao maprofesa wa akili, na kila kitabu hukitolea hukumu mbele ya madereva.

"Hiki ni transiti," husema, akikitupa mezani. Yaani mzigo wa kupita tu: umeingilia jicho hili, umetokea lile, na kichwani haukushusha hata gunia. Kingine kilichojaa sifa hadi kwenye jalada alikipa sura mbili. "Mbili za kwanza ni nzuri, sikatai. Halafu? Porojo! Jamaa amepima panya, sasa anataka kunifundisha kuishi na mke wangu." Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Cha usingizi ndicho alichokiheshimu kidogo, maana kilimlaza kweli.

Kiprono, dereva wa lori la saruji, alimwuliza siku moja, "Sasa boss, kama ni takataka, mbona unanunua?"

Omoding alisonya, akafungua ukurasa mwingine. Mama yake, Amuge, kule Angurai, alikuwa ameanza kusahau: kwanza sufuria motoni, kisha njia ya sokoni, kisha kifo cha mumewe, akawa anamlilia upya kila alipoambiwa. Katika vitabu vyote hivyo Omoding alitafuta ukurasa mmoja tu wa kumsaidia. Cha mwisho, kinene kama tofali, kilishauri mgonjwa ajaze mafumbo ya gazetini na ale samaki wa bahari ya baridi.

"Mjinga mkubwa wewe!" alimfokea mwandishi, peke yake ofisini. "Mama yangu hajui kusoma!"

Jumamosi akaenda Angurai. Amuge alikuwa uani akipeta wimbi. Maisha yake yote hakuwahi kumsemesha mwanawe ila kwa Kiteso. Kiswahili kwake kilikuwa cha sokoni, cha polisi na cha wageni. Alipomwona langoni alifuta kiti kwa leso, akatabasamu kwa adabu.

"Karibu, mzee," akasema kwa Kiswahili cha kubahatisha. "Kaa hapo. Kiswahili yangu ni kidogo. Ngoja mtoto yangu Omoding, anakuja leo. Yeye amesoma, ataongea na wewe."

Omoding akaketi, na kwa Kiswahili akamjibu kwamba atamngoja.