Majasusi katika Ghala la Vitunguu Saumu

Ghala la Baba Shamimu pale Dongobesh lilinuka vitunguu saumu hata lilipokuwa tupu. Harufu ilikuwa imeingia kwenye mbao za paa, kwenye sakafu ya saruji, kwenye magunia yaliyokunjwa pembeni, na ukikaa humo kwa muda ulitoka nayo kwenye nywele na kwenye sweta. Kila mwaka, mavuno yakishapakiwa kwenye malori na kupelekwa mijini, ghala lilikaa bila kazi kwa miezi kadhaa. Mwaka nilipokuwa kidato cha pili, Baba Shamimu aliamua kuligeuza kibanda cha video. Alipanga mabenchi, akaweka runinga juu ya meza ndefu, akafunga jenereta nyuma ya ukuta, akaziba madirisha kwa mablanketi ili mwanga wa mchana usiue picha. Alikuwa mfanyabiashara, Mrangi kutoka Kondoa aliyehamia kwetu kabla sijazaliwa, mtu mpole wa kofia nyeupe na maneno machache. Binti yake Shamimu alikuwa darasa moja na mimi, na ndiye aliyekuwa rafiki yangu mkubwa. Sisi tulikuwa watu wa jembe na wa kanisa, nyumba yetu ikiwa juu kilimani, lakini nikitafutwa nyumbani na kukosekana, kila mtu alijua nipo kwa kina Shamimu.

Vibanda vingine vya video vilionesha picha za kupigana. Baba Shamimu alikuwa na kitu tofauti. Fundi mmoja wa Kizungu, aliyekuwa akitengeneza mitambo kwenye mashamba ya ngano upande wa Basotu, alipokuwa akifunga mizigo kurudi kwao alimwachia runinga, deki na boksi zima la kanda. Kanda zote zilikuwa za tamthilia moja ya kijasusi, ya zamani mno, iliyotengenezwa wakati wazazi wetu wangali watoto. Rangi zake zilikuwa zimefifia kama kitenge kilichofuliwa sana. Hakuna aliyeruka kutoka kwenye ghorofa wala gari lililolipuka. Watu waliingia vyumbani, wakaamkiana kwa heshima, wakakaa, wakazungumza. Wiki ya kwanza vijana walizomea na kutaka ngumi. Wiki ya pili walirudi. Wiki ya tatu walikuwa wanagombea nafasi na akina mama waliotoka kanisani na wauza samaki wa Basotu ambao waliweka matenga yao nje, chini ya ukuta.

Nimefikiri sana kwa nini tamthilia ile ilitushika hivyo, na nadhani ni kwa sababu tuliielewa kuliko hata waliotuletea. Kwetu mtoto hukua akisoma nyuso. Unampa shikamoo mzee ambaye juzi tu amemdhulumu baba yako mpaka wa shamba, anaitikia marahaba, anauliza habari za nyumbani, unajibu ni nzuri, na muda wote huo kila mmoja anajua mwenzake anajua nini. Majasusi wale walifanya kazi hiyo hiyo. Palikuwa na mwanamume mrefu wa koti la kijivu, tukamwita Mzee Koti. Palikuwa na mwanamke mwembamba aliyevua glavu zake polepole kila alipoingia mahali, kidole baada ya kidole, na hakuwahi kupandisha sauti hata mara moja. Huyo tulimwita Dada Glavu. Alipoanza kuvua glavu, ghala zima lilinyamaza, kwa sababu tulijua kuna mtu atasema uongo na yeye atauona.

Maneno yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo pembeni ya runinga alisimama Joeli na kipaza sauti. Joeli alikuwa amehudumu hotelini Arusha miaka kadhaa, na Kiingereza chake kilikuwa chepesi. Alitafsiri huku akitembea, akicheka na kukohoa kama wahusika. Mimi na Shamimu tulikaa mbele kabisa. Tukitoka, njiani tuliigiza upya yote tuliyoyaona. Shamimu akiwa Mzee Koti, mimi Dada Glavu.

Hapa ndipo ninapopaswa kusema kwamba nilikuwa na kigugumizi. Hakikuwa kidogo. Jina langu mwenyewe, Elizabeti, lilinikwama kooni mpaka machozi yakanitoka. Darasani mwalimu akisema tusome kwa zamu, wenzangu walianza kucheka kabla zamu yangu haijafika, na mwishowe walimu walizoea kuniruka. Dukani nilinyoosha kidole badala ya kutaja ninachotaka. Baba, ambaye alinipenda lakini hakuwa na subira, alinimalizia sentensi zangu, na mara nyingi alizimaliza vibaya. Lakini nikiwa Dada Glavu, kwenye njia ile ya vumbi na Shamimu, maneno yalitoka moja baada ya jingine, yametulia, kama maji kwenye mfereji. Siku ya kwanza Shamimu aligundua kabla yangu. Alisimama akanishika mkono. “Eliza, umesikia? Hujakwama hata mara moja.” Nilipojaribu kumjibu nilikwama. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Baba hakukipenda kibanda. Alisema mtu mwenye shamba hana muda wa kukaa gizani mchana kuangalia Wazungu wakinywa chai. Niliruhusiwa kwenda kwa kina Shamimu kusoma tu, na kwa kuwa Shamimu alinisaidia hesabu nami nikamsaidia Kiingereza, kusoma tulisoma kweli. Yaliyofuata baada ya kusoma hakuyauliza.

Msimu ulifika mwisho. Vitunguu vipya vilikuwa vinaanza kung’olewa na Baba Shamimu alihitaji ghala lake. Ilibaki kanda moja, ile ambayo ndani yake angejulikana msaliti aliyekuwa akiuza siri za kina Mzee Koti. Kwa wiki nzima watu walibishana sokoni, kwenye mashine ya kusaga, hata kwenye foleni ya zahanati. Wengi walisema ni dereva. Shamimu alisema ni mke wa balozi. Siku yenyewe, Jumapili mchana, ghala lilijaa hadi watu wakakaa juu ya magunia na wengine wakasimama mlangoni. Joeli hakuwepo. Alikuwa amekwenda Yaeda Chini na lori la mnunuzi wa ng’ombe, mvua ikawakuta huko, na dereva wa pikipiki aliyetoka upande ule alituambia lori limezama kwenye matope mpaka kwenye ekseli.

Baba Shamimu alisimama mbele ya watu akiwa ameshika kofia yake. “Ndugu zangu, mtafsiri hatunaye. Tuangalie hivyo hivyo, au turudi nyumbani.” Kelele iliyozuka ilitikisa mabati. Bibi mmoja mwenye blanketi alisema yeye ametoka mbali kwa miguu na haondoki mpaka amjue mwongo ni nani. Ndipo Shamimu alipopaza sauti kwa baba yake: “Baba, Eliza anaweza!”

Nilimvuta gauni. Hakunitazama. “Anajua sauti zao zote. Mpe.”

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka kipaza sauti kilikuwa kizito na kinanuka jasho la Joeli. Baba Shamimu aliniuliza taratibu, “Mwanangu, utaweza?” Nikatikisa kichwa kukubali kwa sababu kutikisa kichwa hakuna kigugumizi. Kisha nikajaribu kuwasalimu watu. “Shi-shi-shi...” ilitoka kwenye spika na kugonga kila ukuta. Vijana wa nyuma waliangua kicheko. Niliona wanafunzi wenzangu wakiziba midomo. Nilitaka kukimbia, lakini mlango ulikuwa umejaa watu, na kanda ilikuwa imeshaanza kuzunguka. Dada Glavu aliingia kwenye chumba, akavua kidole cha kwanza cha glavu. Mimi nikavuta pumzi pamoja naye. Akafungua mdomo, na nikasema alichosema.

Nilisema kwa sauti yake, chini, bila haraka. Nikasema kwa sauti ya Mzee Koti. Yalikuwepo maneno nisiyoyajua, na hapo niliwatazama wahusika usoni na kusema kile ambacho nyuso zao zilisema. Kicheko kilikatika kama kimekatwa kwa panga. Sikukwama. Kila mhusika aliyepita nilipita naye. Msaliti alikuwa ni yule mkubwa wao, mzee mkarimu ambaye tangu kanda ya kwanza alikuwa anawamiminia wageni chai. Dada Glavu alikaa mbele yake, akapokea kikombe, akanywa, akamwambia kwa upole kwamba anajua. Watu wawili, meza moja, hakuna bunduki. Nilikuwa yeye, nilikuwa yule mzee pia, sauti yake ikivunjika kidogo kidogo, na nikasikia bibi mwenye blanketi akinong’ona, “Si nilisema? Mkono wake ulikuwa unatetemeka.”

Kanda ilipoisha, ghala lililipuka. Watu walipiga vigelegele, walipiga mabenchi, wale wale vijana wa nyuma wakapiga miluzi na kuita, “Dada Glavu! Dada Glavu!” Shamimu alikuwa amesimama juu ya benchi akilia na kucheka. Nami nilipotazama mlangoni nilimwona baba. Alikuwa amekuja kunichukua. Sijui aliingia saa ngapi, ila alikuwa amekaa juu ya gunia, kofia mapajani.

Tulipanda kilima. Nilingoja anigombeze. Tulipita shamba la jirani, tukapita kisima, baba akiwa mbele, mikono nyuma. Halafu akasimama, akageuka.

“Yule mwenye koti,” akasema, “alianza lini kumshuku mzee wa chai?”

Nikaanza kumweleza. Nilikwama neno la kwanza, nikakwama la pili. Baba alisimama pale njiani akanitazama, na kwa mara ya kwanza hakunimalizia. Alingoja. Nilimweleza tamthilia yote, kuanzia kanda ya kwanza, mpaka tukafika nyumbani, na mama akatukuta tumesimama uani tunabishana kuhusu dereva.

Kigugumizi hakikuondoka siku ile, na hakijaondoka mpaka leo. Kilichoondoka ni hofu ya kukwama. Wiki hiyo mwalimu aliponiruka, darasa zima lilipiga kelele kwamba zamu yangu imerukwa. Nilisimama nikasoma ukurasa mzima. Nilikwama katikati mara kadhaa, nikavuta pumzi, na wenzangu wakangoja. Leo mimi ni mwalimu wa sekondari Katesh, na kazi yangu ni kusema mbele ya watu kuanzia asubuhi hadi jioni.

Shamimu naye yupo Katesh, ana duka la vyombo, lenye runinga bapa ukutani. Miezi michache iliyopita mtoto wake aliipata tamthilia yetu kwenye mtandao, yote, picha imesafishwa hadi unaona nyuzi za koti la kijivu. Tulikaa nyuma ya kaunta tukaiangalia. Enzi zetu tulikuwa na runinga moja kwa ghala zima la watu na tulingoja wiki nzima kujua neno moja. Sasa kila kijana ana simu mfukoni na dunia yote iko ndani yake, na nilidhani hakuna atakayejali watu wanaokunywa chai taratibu. Lakini wateja waliokuja kununua sufuria walibaki wamesimama. Nikaanza kuwatafsiria. Duka likajaa, mlango ukajaa. Kijana mmoja wa bodaboda, aliyeingia katikati akiwa bado na helmeti kichwani, alisikiliza mpaka mwisho bila kugusa simu iliyokuwa ikilia, kisha akauliza picha hii ni ya mwaka gani. Shamimu akamwambia ni ya kabla mama yake hajazaliwa.

Kijana akavua helmeti, akavuta ndoo iliyokuwa inauzwa, akaigeuza na kuikalia. “Basi mama zangu,” akasema, “rudisheni mwanzo.”