Mafunzo Yasiyo na Safari

Juzi, kwenye kibanda cha chai karibu na stendi ya Bariadi, nilikaa meza moja na mama aliyeikazia macho simu yake huku chai ikipoa. Ni muuguzi wa zahanati moja huko ndani Meatu.

"Ni mafunzo ya kazini, baba," aliniambia. "Siku hizi tunasoma kwenye simu ili tusisafiri."

"Sasa hapa umefuata nini?"

"Mtandao. Kwetu haushiki. Wagonjwa nimemwachia mwenzangu peke yake. Nisipomaliza leo, sipandishwi daraja."

Alijibu maswali mpaka simu ikampa hongera. Likabaki moja, akanisomea kwa sauti iliyochoka: "Je, mfumo huu umekupunguzia safari?"

Akabonyeza ndiyo.

"Mama, mbona ndiyo?"

"Mwezi uliopita nilibonyeza hapana. Ikataka maelezo. Nikiwa naandika, mtandao ukakata, kozi yote ikaanza upya. Ndiyo maana nimerudi."

Akajifuta vumbi usoni kwa kanga, akaliwahi basi la Mwanhuzi kurudi kwao Meatu.

Wiki hii, mkubwa fulani ataisoma ndiyo ile na kufurahi kwamba watumishi wa Meatu hawasafiri tena.